Doa kwenye Bega la Baron

Jaji alipoinua mkono kutoka kwenye bega la mbwa, kiganja chake kilikuwa cheusi.

Lorna Hoekstra alikiona kabla ya mtu yeyote. Rangi ile aliipaka mwenyewe asubuhi, ndani ya gari, kwa mswaki wa meno. Kumbe mvua iliyonyesha saa tatu asubuhi, mvua ya dakika kumi tu, ilitosha kumuumbua.

Baron alikuwa mbwa wake, na mbwa wa mbegu hiyo huwa weusi tititi, kichwa hadi mkia. Mwaka jana seng'enge ilimchana begani, kidonda kikapona, manyoya yakaota meupe. Doa lenyewe halizidi yai la kuku, lakini sheria za maonyesho ya mbwa hazina huruma. Bega jeupe, unatolewa uwanjani. Bega lililopakwa rangi, unafungiwa maisha, wewe na kila mbwa aliyezaliwa bandani kwako. Lorna alikuwa amefuga mbwa hawa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, wala hakujua kazi nyingine.

"We Lorna, mbona umekuwa mweupe kama karatasi?" alinong'ona Dottie, aliyesimama na mbwa wake nyuma ya Lorna kwenye mstari. "Huyu jaji, bi kizee wa watu, hang'ati. Wanaong'ata ni hawa wenye mikia."

"Nyamaza, Dottie."

Jimbo zima la Iowa lilimwogopa jaji huyo, Bi Winifred Oakes, kwa ajili ya mikono yake. Majaji wengine hutazama sana na kugusa kidogo. Yeye humpapasa mbwa mfupa kwa mfupa, na ilisemekana hajawahi kukosea. Sasa alisimama mbele ya Lorna, uso umetulia tuli, kiganja cheusi kikining'inia. Kisha akajifuta ubavuni. Vidole vitano vyeusi vikabaki kwenye koti lake jeupe la kitani.

"Mtembeze," akasema.

Lorna akamtembeza Baron mpaka mwisho wa kamba ya uwanja na kurudi. Bi Oakes aliinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Tena."

Ananichezea huyu, Lorna aliwaza, anangoja nianguke mwenyewe. Akamgeuza Baron, akamtembeza tena.

Ndipo Gus akaliona koti. Gus alikuwa msaidizi wa jaji, mzee mrefu ambaye siku nzima hakumwacha hatua mbili, akimsomea namba ya kila mbwa kwa sauti. Alivitazama vile vidole vyeusi, akamtazama Baron, akamtazama Lorna. Akavua koti lake la mvua akamfunika jaji mabegani, ilhali jua lilishatoka na lilikuwa kali.

"Namba kumi na saba," Bi Oakes akasema. "Mshindi ni huyo."

Kumi na saba alikuwa Baron. Makofi yakalia, Dottie akamkumbatia Lorna na kumtania kwamba leo keki ni juu yake. Lorna hakusikia hata moja. Ushindi gani huu? Jaji hampi mtu utepe wa ushindi huku mkono umemjaa rangi, ila kama kuna jambo anamwandalia. Watamwita mezani mbele ya wakubwa wa chama, wamuumbue mchana kweupe. Akamburuta Baron nyuma ya mahema, akamwagia ndoo ya maji begani, akawa anasugua na kulia.

"Dada Hoekstra."

Gus alikuwa nyuma yake, peke yake, akihema.

"Umeiona rangi," Lorna akasema.

"Nimeiona."

"Basi nipeleke. Nitasema mwenyewe kila kitu. Nimechoka kuogopa."

"Usiseme!" Mzee alimshika mikono yote miwili. "Nakusihi, dada. Ukisema rangi ilimjaa jaji kiganjani, watauliza kwa nini hakuiona. Winnie ni mke wangu. Tangu Pasaka haoni hata uso wangu."