Kifuniko cha Antena

Nilimwambia mume wangu Mbwana asipake silva kwenye kifuniko cha antena. Plastiki tupu hupitisha mawimbi, lakini rangi ile ni bati la majimaji. Akanijibu, "Unataka paa ling'ae na kifuniko kibaki kimefubaa?" Akakipaka.

Nyumba ambayo antena yake haionekani hewani siku tatu huhesabiwa haina watu, hupewa wengine. Leo asubuhi ofisa alikuja na familia nyingine, na magodoro yao.

"Na mimi ni nani?" nikamfokea.

"Mama, mfumo haukuoni."

Mbwana akapanda paani, akaikwangua rangi kama mwehu. Taa ya antena ikawaka kijani. Ofisa akatabasamu, akasoma majina ya wenye nyumba yaliyotokea kwenye mfumo.

Yetu hayakuwemo. Mwanamke wa ile familia nyingine akaniuliza mlangoni, "Wewe unamtafuta nani humu?"