Spinachi za Mtu Mmoja

Siku hizi mzee akitimiza miaka sabini huchukuliwa kwenda Makao ya wazee, na anayemficha hufichuliwa na bustani yake, mboga zikichumwa kupita kiasi. Ndiyo maana mkaguzi alipoinamia spinachi za Kwamboka, zilizochumwa zikabaki vijani vya katikati tu, Kwamboka alisogea akaziba mlango wa nyumba.

“Unaishi peke yako, dada?”

“Peke yangu. Ni vile napenda mboga.”

Mkaguzi aliokota bua moja kwenye lundo la mabua yaliyotupwa, akalitazama weee, kisha akaandika: mtu mmoja. Kwamboka alishusha pumzi.

Langoni mkaguzi akageuka, akanong’ona, “Mabua usiyatupe. Yachemshe mpaka yalegee, hata asiye na meno atayala. Mama yangu ana sabini na nne, huyamaliza. Lakini mwezi ujao anakuja mkaguzi mwingine.”