Kamba Kwanza

"Lala kifudifudi, mama. Piga mikono."

"Hapa hapa mchangani?"

"Mchangani kwanza. Ziwa halikimbii."

Kristiana akajilaza juu ya ubao, pale ufukweni Kasanga, akapiga mikono mpaka mchanga ukamwingia masikioni. Wanawake walioanika dagaa wakaangua kicheko, na mwenyewe akacheka kuliko wote. Asubuhi ile alikuwa ameteremka na lori la Sumbawanga, peke yake, kavaa kaptula ya mitumba chini ya khanga. Alisema ni mfanyabiashara wa Mbeya, anapita tu, na kwamba siku hizi kila kitu ruksa, hata mama mtu mzima kuteleza juu ya mawimbi.

Ule ubao Flavian, kijana aliyekuwa akimfundisha, aliachiwa na mzungu mmoja aliyeondoka na meli. Masharti ya kuutumia yalikuwa yake mwenyewe.

"Nani anajua uko hapa?"

"Hakuna."

"Basi hatuingii."

Akampeleka kwa wale waanika dagaa, akawatajia jina la mgeni na nyumba aliyofikia. Ndipo akaenda kibandani kuchukua kamba. Kristiana akachungulia ndani.

"He! Jembe jipya hili la nini, nawe huna hata tuta?"

Flavian akaona haya. "La posa, mama. Mshenga wangu alilipeleka Katandala, Sumbawanga, kwa kina Tereza, wakamrudisha nalo. Wanasema mtu anayecheza na ziwa ataacha mjane. Nami yule binti nampenda mpaka nasahau kula."

"Pole weee! Na leo ukimzamisha mtu?"

"Basi tena, nimemkosa kabisa." Akamfunga kamba kiunoni, akakaza fundo mara mbili.

Majini ikawa kelele tupu. Kristiana anapanda, anaanguka, anapanda tena. Kila akiibuka anacheka, hata kukohoa hakohoi. Hatimaye akasimama, wimbi likamleta hadi nchi kavu, na ufuko mzima ukapiga vigelegele.

"Sasa kule!" Akaonyesha mawimbi makubwa ya mbali. "Na kamba nifungue, inanibana."

"Hapana, mama."

"Kumbe mwoga! Ndiyo maana wamekunyima mke."

Neno lile lilimuuma Flavian. Akaishika kamba. "Niite mwoga mpaka jua lizame. Kule huendi, na kamba haifunguliwi."

Kristiana akanuna, akapanda ubao. Wimbi likamgeuza. Ubao ukaibuka, yeye hakuibuka. Flavian akavuta kamba. Ikaja nyepesi, fundo limefunguliwa.

"Yesu na Maria!"

Akapiga mbizi, akapapasa, akaibuka, akazama tena. Alipoibuka safari hii alikuwa analia waziwazi.

"Unalia nini, nawe? Nipo huku!"

Kristiana alikuwa kule kule kwenye mawimbi makubwa, anaelea chali, miguu juu, kama mtu aliyelala kitandani kwake. Akarudi anaogelea taratibu, akatoka majini, akaingia kibandani bila hodi.

"Nimeolewa Kirando, ziwa hili hili, mwanangu," akasema kutoka humo ndani. "Maji nimeyazoea."

Akatoka na jembe begani, akashika njia ya kwenda kwenye lori.

"Mshenga wako asijisumbue tena, hili nalipeleka mwenyewe. Tereza anilaumu kwamba ana shangazi wa bure?"