Mlio wa Ganda la Risasi

Lusajo, anayelinda mashamba ya watu dhidi ya nguruwe pori, alikuwa ameshaikumbatia bunduki kubwa kuliko zote dukani. Nyamizi, mwenye duka, alimwita kwa nyuma mara mbili. Hakugeuka. Akaja mbele yake.

"Baba, hii itakumalizia masikio. Chukua ile ndogo, nikufungie na hiki kizuia sauti kwenye mdomo wake, kimeze mlio."

Kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka, Lusajo alifyatua, akakunja uso akingoja masikio yavume kama kawaida. Hayakuvuma. Alipovuta komeo la bunduki, ganda la risasi likaanguka kwenye saruji, likalia kwa sauti nyembamba.

"Kumbe linalia," alisema.

"Huwa linalia siku zote, baba."

"Asante, mwanangu."

Akainama, akaliokota, akaliangusha tena.