Roketi ya Bibi Harusi

Ukumbini, roketi ya mbao na karatasi za kung'aa iliyombeba bibi harusi ilikuwa na pazia la lesi dirishani. Bi Mwanasiti, aliyefundisha fizikia miaka thelathini, aliitazama kama alivyokuwa akitazama majibu ya kunakili.

"Zamani bibi harusi aliingia kwa ngoma na vigelegele. Siku hizi anarushwa kama satelaiti!"

"Wifi nawe! Si mwenyewe Arafa kataka?" alisema mama yake bibi harusi.

"Basi mimi simo."

Mshereheshaji akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ukumbi mzima ukamfuata. Walipofika kumi mlango wa roketi haukufunguka, nao wakaendelea tu. Ishirini. Thelathini na sita.

"Mbona hatoki?" mama mtu aliuliza, machozi yakimlenga. "Mle ndani hamna hewa!"

Bi Mwanasiti alijua. Alimfundisha Arafa mwenyewe darasani kuwa roketi huhesabiwa kurudi nyuma, na sasa mtoto alikuwa akisubiri sifuri.

"Arobaini na moja!"

Akainuka, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Kimya! Kumi."

Watu wakatazamana.

"Nimesema kumi. Haya, nini kinafuata?"

"Tisa!" ukumbi ukaitikia.

Walipofika tatu, moshi wa bandia kutoka chini ya roketi ulikuwa umemfika Bi Mwanasiti magotini, naye alikuwa bado anahesabu.