Gundi Iliyobaki Kwenye Karai

Wanangu, mmewahi kufua kitu kwa moyo wote, mkakiharibu?

Concilie aliinama juu ya karai, nyuma ya nyumba ya bosi wake, mtaa wa Troyeville, mbali na kwao. Vile vitambaa virefu vya manyoya, ambavyo bosi hubandika kwa gundi chini ya skii, mbao zake za kutelezea, ili apande mlima wa theluji bila kurudi nyuma, alikuwa amevifua kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Kwao Burundi, kitu hakiendi safari kikiwa kichafu.

Gundi yote ilibanduka. Ilielea kama utandu wa maziwa, nyingine ikamganda kuchani.

Bosi alitoka, akachungulia. "Eish, Concilie! Umeiua gundi!"

Kwa kitambo kidogo, Concilie akatumaini safari ya mlimani imekufa.

Bosi akacheka. "Basi, nitakodi vingine. Kesho alfajiri twende Lesotho. Usisahau sufuria kubwa."

Mwaka wa tano huu, baridi ya Juni, kumpikia kambini, magoti yakilia kama mlango mbovu. Kila mwaka alijibu, "Sawa, bosi."

Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Bosi," alisema, "mimi huko mlimani siendi tena."