Nusu Sahani

Tobias alimaliza ugali, akaweka kijiko chini. Bado njaa.

"Hii hosi inatupimia nusu," akaambia Kivuva, jamaa wa kitanda ya kulia hapo wodini.

Kivuva akaangalia hiyo sahani. "Macho yako imeenda likizo, mzee."

Nesi anaitwa Sista Wangu akakuja, akazungusha sahani kidogo tu. Ghafla kukawa na ugali ingine, na samaki mzima, na mchuzi.

Tobias hakushangaa. Tangu aanguke pale Dagoretti Corner akichomelea geti, hakuna kitu ilikuwa inamshangaza. Upande wa kushoto wa mwili ulilala tu, kama gunia ya mtu mwingine amewekewa. Daktari alisema mshipa wa shingo, ule wa kulia, na zingine ndani ya kichwa, zimekuwa nyembamba. Sukari imezifinya miaka yote hiyo. Tobias alisikia hiyo maneno kama habari ya jirani.

Kitu moja tu ndio ilikuwa inamkula. Peres, bibi yake.

Alikuwa amemwonya, hapo jikoni kwao Woodley, akimpokonya soda. "Baba Quincy, sukari ikikuangusha usinitafute. Utapata nimeenda kwetu."

Na sasa ni saa ya kuona wagonjwa. Wodi imejaa watu. Kiti ya mgeni wa Tobias, hapo kulia, iko tupu.

"Mama Quincy ameniacha," akaambia sista, sauti kavu. "Amefanya tu vile alisema. Akikuja, mwambie arudi kwao. Mi sitaki kumwona."

Mtu mahali akaanza kulia, polepole. Tobias akaangalia mlango. Hakuna mtu.

Wangu akatupa macho ng'ambo ya kitanda, kisha akamrudia. "Na hii samaki nani amepika?"

"Si ni nyinyi."

"Hosi gani inakupikia ngege, buda?" Kivuva akacheka.

Wangu akashika kichwa ya Tobias na mikono mbili. Akaigeuza kushoto taratibu, vile aligeuza sahani. Ukuta ukapita. Ikapita dirisha, yenye Tobias hakuwa anajua iko.

Peres alikuwa amekaa hapo, leso begani, hotpoti tupu kwa miguu. Kwa mapaja yake alikuwa amelaza mkono wa mtu, anausugua mafuta. Tobias akafuata huo mkono na macho, kidole, kiwiko, bega, mpaka akafika kwake mwenyewe.